Fumbo Lililogoma Masika

Masika yaliyopita fumbo langu moja liligoma. Ni fumbo la msalaba: vipande sita vya mbao nyeupe ngumu, vilivyokatwa mapengo na kupishanishwa mpaka vikawa kitu kimoja cha ukubwa wa ngumi. Fundi aliyelitengeneza anaishi kwenye nchi kavu, mbali na bahari. Lilipofika Dar es Salaam, likiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki uliozibwa, kipande cha kwanza kiliteleza kwa kusukumwa na kidole kimoja, bila sauti. Wiki tatu baadaye, mvua zikiwa zimekaza, nililichukua rafuni kumwonyesha mgeni. Halikusogea hata kidogo.

Nilikwenda nalo Keko, kwa fundi seremala ambaye amenitengenezea makabati kwa miaka mingi. Hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile. Alikigeuza mara mbili, akapitisha ukucha kwenye maungio, akanirudishia.

"Mzee, hii imekunywa maji," alisema. "Usithubutu kuipiga nyundo. Iweke chumba chenye kiyoyozi, uisahau."

Nililisahau siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane likafunguka.

Nimekusanya mafumbo ya mbao kwa miaka mingi sasa. Nimenunua mengi na kuuza machache. Watu huniuliza kwa nini kitu kidogo kama kile kiuzwe dola 100 au 200, na vingine zaidi ya 500, wakati madukani kuna cha kufanana nacho kwa dola tano. Siku hizi huwasimulia mgomo ule kabla sijataja jina la mti wala la fundi. Bei iko kwenye maungio. Anayelielewa hilo atajua cha kununua, atajua namna ya kuuza, na akiwa seremala atajua pa kuanzia. Wengi wanaoingia katika biashara hii huanza kwa kutafuta mbao ya kifahari, na huko ndiko wanakopotea.

Ninaposema fumbo la mbao sisemi picha iliyokatwakatwa ili watoto waipange upya. Nasema kifaa kinachofumbwa na kufumbuliwa kwa mikono. Jerry Slocum, Mmarekani aliyekusanya mafumbo kuliko karibu mtu yeyote, aliyagawa katika makundi yanayotumika hadi leo: ya kuunganisha, ya kufungua, ya vipande vilivyoshikana vyenyewe bila gundi wala msumari, ya kunasua, ya kusogeza kwa mfuatano, na mengine. Wakusanyaji wa mbao wanapenda zaidi kundi la vipande vilivyoshikana na kundi la masanduku ya siri. Wachina wanayo ya kundi la kwanza tangu zamani na huyaita makufuli ya Lu Ban, kwa jina la seremala wao mashuhuri wa kale. Kufikia 1893, Profesa Hoffmann alipochapisha London kitabu chake kikubwa cha mafumbo, mengi ya aina hizi yalikuwa tayari bidhaa za madukani Ulaya.

Turudi kwenye mbao iliyokunywa maji, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yote. Mbao haivimbi sawasawa pande zote. Ikivuta unyevu wa hewani hunenepa kwa upana, kukatiza nyuzi. Kwa urefu, kufuata nyuzi, haibadiliki kiasi cha kumsumbua mtu. Sasa utazame msalaba wa vipande sita. Kila kijiti kina pengo lililokatwa katika urefu wake, na pengo hilo hupokea upana wa kijiti kingine. Pengo linabaki vilevile, kijiti kinachoingia kinanenepa. Mbao iliyotulia kwenye nyumba yenye hewa ya unyevu wa asilimia 40 hubaki na maji kiasi cha asilimia 7 au 8 ya uzito wake ikiwa kavu kabisa. Ihamishie kwenye hewa ya asilimia 80, ambayo ndiyo hewa ya pwani yetu wakati wa mvua, na baada ya wiki kadhaa itakaribia 16. Kwa mbao ngumu nyingi, tofauti hiyo hukiongezea kijiti cha milimita 24 karibu nusu milimita. Na fundi wa fumbo zuri huacha nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita, pengine pungufu ya hapo.

Kwa nini asiache nafasi kubwa zaidi, fumbo lisigome popote liendapo? Swali hili huulizwa sana na maseremala, na ni swali la mtu anayeijua kazi, kwa kuwa mlango wa nyumba hutengenezwa hivyo. Fumbo likilegea, kwanza linajisema lenyewe. Ukilitikisa, kipande kinachotoka kinacheza kuliko wenzake, na vidole vinaambiwa jibu kabla akili haijaanza kazi. Pili, na hili ni zito zaidi, vipande vilivyolegea vinaweza kuzungushwa au kupindwa vikatoka kwa njia ambayo mbunifu hakuikusudia. Mtu aliyepanga kipande cha kwanza kitoke baada ya miendo mitano anaona mnunuzi anakitoa kwa mmoja, kwa kukiinamisha pembeni. Fumbo la namna hiyo limevunjika hata kama kila kijiti ni kizima.

Kwa hiyo fundi anaishi kati ya kugoma na kulegea, na nafasi aliyo nayo ni nyembamba kama karatasi ya daftari. Anayeimudu haifikii kwa jicho kali peke yake. Mbao hukaa kwenye karakana miezi, wakati mwingine miaka, hadi itulie. Vijiti vyote vya fumbo moja, na mara nyingi vya mafumbo hamsini ya toleo zima, hupita kwenye msumeno wa meza siku moja, msumeno ukiwa umewekwa mara moja tu na haujaguswa. Vijiti vyote vikiwa na milimita 24.1 badala ya 24, hakuna hasara. Ubaya ni kimoja kuwa na 24 na jirani yake 24.1. Mafundi wapya hufukuza kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro. Wazoefu hufukuza ulinganifu. Palipo na vipande vilivyoundwa kwa kugandisha michemraba midogo, kosa hujumlika: michemraba minne yenye ziada ya sehemu ya kumi ya milimita kila mmoja hufanya kipande kizidi kwa karibu nusu milimita, na fumbo limeshagoma kabla ya mvua. Ndiyo maana gundi huwekwa vipande vikiwa ndani ya kalibu, na kalibu yenyewe hutengenezwa kwa uangalifu kuliko fumbo. Mwishoni kingo hukwanguliwa kidogo sana zisibanduke vibanzi, halafu nta. Vanishi nene huongeza unene, na vipande vilivyopakwa hiyo hunata vikibanana.

Mahali ambapo nidhamu hii imekuwa uchumi wa mji mzima ni Hakone, kwenye milima ya mkoa wa Kanagawa nchini Japani. Huko, katika karne ya 19, fundi Ishikawa Nihei wa kijiji cha Hatajuku anatajwa kuwa mwanzilishi wa ufundi wa yosegi. Vijiti vyembamba vya miti ya rangi tofauti hugandishwa pamoja hadi vifanye bonge lenye nakshi ndani kwa ndani, kisha bonge hilo hupigwa randa ya pekee inayotoa karatasi ya mbao, nyembamba na ndefu, yenye nakshi tayari. Karatasi hiyo hubandikwa juu ya sanduku. Rangi ni za miti yenyewe. Wasafiri wa barabara kuu ya Tokaido walipita hapo wakanunua, na soko likakua kwa miguu ya wapita njia. Mwaka 1984 serikali ya Japani iliutambua ufundi huo rasmi kuwa sanaa ya jadi. Wafuatiliaji wa riadha wa Kenya huenda wamekwisha kuuona bila kujua: kombe la washindi wa siku ya kwanza ya mbio za kupokezana za Hakone, mbio ambazo wanafunzi kutoka Kenya wamezikimbia tangu 1989, limetengenezwa kwa yosegi.

Sanduku la siri la Hakone halina ufunguo wala tundu la ufunguo. Ubao wa upande husogea milimita chache, ukiruhusu mwingine kusogea, na huo kuruhusu wa tatu, mpaka kifuniko kinaachia. Madogo huwa na miendo 4 au 7, na yapo yanayozidi 100. Watalii huuliza idadi ya miendo kwanza, na wauzaji huipanga bei kwa idadi hiyo. Mimi naona kipimo hicho ni dhaifu. Sanduku la miendo mingi mara nyingi ni mwendo uleule uliorudiwa. Linajaribu subira na kumbukumbu kuliko kitu kingine. Akio Kamei aliiona kasoro hiyo. Badala ya kuongeza miendo alibadilisha wazo lenyewe la kufungua, akatengeneza masanduku ambayo umbo lake ndilo dokezo. Mwaka 1999 yeye na mafundi wenzake waliunda Karakuri Creation Group, kundi dogo ambalo leo wakusanyaji wa dunia nzima wanalifuatilia. Mteja anayejiunga na klabu yao huchagua fundi na kulipa mapema kwa ajili ya zawadi ya Krismasi ya mwaka huo. Hajui atapata nini. Sanduku hufika Desemba, na ndipo anapoliona kwa mara ya kwanza.

Hebu tuufikirie mpango huo kibiashara. Mnunuzi analipa mamia ya dola kwa kitu ambacho hakijabuniwa bado. Hakuna picha, hakuna maelezo, wala mbao haijachaguliwa. Kinachouzwa pale ni uhakika kwamba fundi huyu hajawahi kutoa kitu kibovu. Uhakika huo ulijengwa kwa sanduku moja moja, miaka mingi, na ungevunjwa na toleo moja la haraka.

Upande wa pili wa dunia, Massachusetts nchini Marekani, Stewart Coffin aliifikia sifa ya namna hiyo kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 alibuni na kutengeneza kwa mkono mafumbo ya vipande vilivyoshikana, mengi yakiwa na umbo la nyota au la jiwe lililochongwa nyuso nyingi, akayapa namba zinazozidi 200. Aliyaita sanaa inayofumuka. Alipanga miti ya rangi tofauti kwa namna ambayo jibu sahihi huonekana kwa ulinganifu wa rangi, na jibu lisilo sahihi huonekana kwa fujo yake. Kisha akaandika kila alichokijua. Kitabu chake kilichotolewa na Oxford mwaka 1990 kinaeleza hadi namna ya kukata vijiti vya pembetatu na kuunda kalibu, na baadaye maandishi hayo yakawekwa kwenye intaneti yasomwe bure. Mtu angedhani kwamba aliyegawa siri zake zote ameua soko lake. Kilichotokea ni kinyume: yale yaliyotoka mikononi mwake yalizidi kutafutwa, maana sasa wengi walijua ugumu wake.

Hapa ndipo panapotenganishwa watu wawili ambao mnunuzi mgeni huwachanganya: mbunifu na fundi. Kwetu tofauti hii haihitaji maelezo marefu. Katika taarabu kuna mtunzi wa shairi na kuna anayeliimba, na msikilizaji mzuri anamjua kila mmoja kwa sifa zake. Fumbo lililobuniwa na Coffin linaweza kuwa limetengenezwa na Coffin mwenyewe, au na karakana ya Jamhuri ya Cheki, au na kiwanda cha mbao laini. Ni shairi moja kwa sauti tatu, na bei zake hazikaribiani.

Sheria haimlindi mbunifu sana. Hataza ni ghali na muda wake huisha. William Altekruse aliipata ya fumbo lake la vipande 12 huko Marekani mwaka 1890, na leo kila mtu ana ruhusa ya kulitengeneza. Hakimiliki nayo, katika nchi nyingi, hailindi namna vipande vinavyofungana. Kinachofanya kazi ni desturi. Fundi anayetaka kutengeneza fumbo la mbunifu aliye hai humwandikia, huomba idhini, hulipa mrabaha au hutoa nakala kadhaa, na huandika jina la mbunifu popote anapoliuza. Asiyefanya hivyo hashtakiwi. Hutengwa. Wakusanyaji wakubwa hawanunui kwake, na wabunifu hawampi tena kazi mpya. Jumuiya ni ndogo kiasi kwamba adhabu hiyo inatosha: mkutano mkuu wa wakusanyaji, ulioanza mwaka 1978 nyumbani kwa Slocum na ambao bado huhudhuriwa kwa mwaliko, hukutana kila mwaka, ukizunguka kati ya Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, na wanaouhudhuria wanajuana kwa sura. Wanaoshiriki kubadilishana huleta nakala za fumbo moja jipya, kila mmoja la kwake, na kurudi nyumbani na mkoba wa mafumbo ya wenzao. Hapo ndipo majina yanapojengwa na kuporomoka.

Kompyuta nayo imebadilisha thamani ya ubunifu, kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Bill Cutler alihesabu kwamba kwa misalaba ya vipande sita isiyo na uwazi ndani kuna namna 119,979 za kuunganisha. Aliporuhusu uwazi, hesabu aliyoikamilisha mwaka 1990 ilifika 35,657,131,235. Leo programu ya bure inayoitwa BurrTools humwezesha kijana mwenye kompyuta ya kawaida kuyapekua maelfu ya haya kwa usiku mmoja. Miundo basi haina uhaba hata kidogo. Kuna mabilioni, na mengi yake hayana maana: ni magumu bila utamu, yanafunguka kwa kubahatisha, au yana majibu mia. Mbunifu mwenye thamani ni yule anayejua, kati ya mabilioni hayo, ni lipi litamfanya mtu atabasamu linapoachia, na kompyuta haijui hilo. Ninapopewa fumbo jipya na kuambiwa kwa fahari kwamba lina miendo 30, huuliza tu kama ule wa 30 unastahili ule wa kwanza.

Niseme machache kuhusu kununua na kuuza mkono wa pili, maana barua nyingi ninazopokea zinahusu hilo. Tafuta majina mawili, la mbunifu na la fundi, na mwaka. Mafundi wazuri hutia sahihi au mhuri sehemu inayofichwa vipande vikifungwa. Usikubali fumbo lililopigwa msasa upya ili ling'ae. Aliyelisugua ameondoa ile sehemu ya kumi ya milimita uliyokuwa unailipia. Ufa mdogo kwenye gundi hutengenezeka, ufa wa mbao hautengenezeki. Muuzaji akisema fumbo ni gumu kufunguka, muulize lilikaa wapi miezi mitatu iliyopita. Na muuzaji mwenyewe aseme ukweli kuhusu jambo hilo kabla ya kuulizwa: lilikotengenezwa, linapokaa, na kama limewahi kugoma. Mimi huandika hayo kwenye kadi inayosafiri na fumbo. Mkusanyiko usio na kadi hushuka thamani siku mwenyewe anapofariki, kwa sababu warithi wanaona sanduku la vijiti. Slocum alipoutoa mkusanyiko wake kwa Maktaba ya Lilly ya Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 2006, zaidi ya mafumbo 30,000 pamoja na vitabu vyake, kumbukumbu zilizoandamana nayo ndizo zilizoufanya uwe hazina ya watafiti.

Kuna jambo jingine la muuzaji ambalo nalishikilia sana: asilitangaze jibu. Sisi tumelelewa na kitendawili. Anayetega hamwambii mwenzake jibu bure. Aliyeshindwa hutoa mji kwanza, na aliyetega huusifia mji huo kabla ya kufumbua. Mji ule si kitu, lakini bila huo jibu halina ladha. Fundi wa mafumbo hufanya vilevile. Jibu limo kwenye karatasi iliyofungwa, au hutolewa kwa anayeandika kuliomba. Muuzaji anayerekodi video ya kufungua sanduku jipya ili apate wateja amewaibia wote waliokwisha kulilipa.

Sasa sisi. Kila ninapoandika juu ya mafumbo, msomaji mmoja huniambia kwamba mali hii ni yetu kwa kuwa mpingo ni wetu. Ni kweli kwamba mafundi wa ng'ambo wanautumia. Mpingo huzama majini kwa uzito, hupokea mng'ao bila vanishi, na kiini chake cheusi pembeni mwa nyama yake nyeupe ya nje ni pambo tosha. Ni kweli pia kwamba gogo la mpingo linalopasuliwa kwa ajili ya zumari za Ulaya huacha vipande vingi vidogo visivyofaa chombo cha muziki, na fumbo halihitaji zaidi ya vijiti vya unene wa kidole gumba. Na kufichaficha si ugeni kwetu: makasha ya Zanzibar, yaliyokuja na majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba na mengine yaliyotengenezwa hapahapa, mengi yana droo za siri ambazo baadhi ya warithi waliuza kasha bila kuzijua.

Pamoja na hayo, ushauri wangu kwa fundi ni kwamba asianze na mpingo. Ni mgumu kwa misumeno ya kawaida, mafuta yake huikataa gundi mpaka ufutwe vizuri, na vumbi lake huwasha ngozi za wengi. Una sheria zake pia. Karibu jenasi yake yote, Dalbergia, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2, 2017. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa iliyokamilika inasamehewa ikiwa mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa shehena, msamaha unaowafaa sana watengenezaji wa vitu vidogo, lakini hauondoi vibali vya misitu vya hapa nchini. Mninga nao umeingia kwenye kiambatisho hichohicho pamoja na ndugu zake wa Afrika mwaka 2023, orodha ikigusa, pamoja na vingine, magogo na mbao zilizopasuliwa. Na mpingo uliokatwa vibaya ni hasara ya mti ambao huchukua miongo mingi kukua hadi kufaa.

Aanze na mtiki. Tunao wa mashamba, Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, na ni miongoni mwa mbao zinazobadilika kidogo sana zinapohama kati ya hewa kavu na hewa ya unyevu. Hauharibiwi kirahisi na wadudu, si mgumu kama mpingo, na haumo kwenye orodha ya CITES. Lakini uwe umekauka kweli. Mbao ya mitaani iliyoanikwa barazani Dar es Salaam hutulia na maji asilimia 14 au 15, nayo ikitengenezwa fumbo lililobana na kupelekwa kwenye nyumba ya Stockholm inayopashwa moto wakati wa baridi, itasinyaa hadi fumbo lilie kama njuga. Mnunuzi hatalalamika, hataagiza tena tu. Tanuri dogo la jua la kukaushia mbao linaweza kujengwa kwa plastiki na mabati, na wataalamu wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaijua elimu hiyo. Kipima unyevu cha mkononi hakizidi bei ya randa nzuri ya umeme. Vitu hivyo viwili vina faida kwa fundi wa mafumbo kuliko shehena ya mpingo.

Morocco inatupa onyo la karibu. Mji wa Essaouira una mafundi hodari wa mti wa thuya, na masanduku yao ya siri yamejaa kila duka la watalii. Mengi hutumia hila moja, ya kusogeza kijiti kinachofichua ufunguo, na kwa kuwa kila duka lina hilo hilo, mnunuzi hupunguza bei mpaka fundi asibaki na kitu. Mti ni mzuri ajabu, mikono ni mizuri, na bado kitu kinauzwa kama kumbukumbu ya safari. Tukijaza maduka ya Zanzibar masanduku ya hila moja, bei yetu itakuwa hiyohiyo.

Fundi wangu wa Keko amekata misalaba minne ya mtiki tangu siku ile nilipompelekea fumbo lililogoma. Mitatu imelegea. Wa nne ulikaa wiki mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi na wiki mbili barazani, na kipande chake cha kwanza kiliteleza kwa kidole kimoja mahali pote pawili. Nimemwambia atie sahihi ndani ya pengo la kipande cha tatu, nikaununua kwa bei aliyoitaja.